Boti ya ami na boti yangu

Siku nilomwambia ami nataka kumtengenezea boti alinyamaza kwanza, akaweka kikombe cha kahawa chini, akaniuliza, "Ya mbao au ya faiba?" Nikacheka peke yangu manake nishajua tumepotezana njiani. Nikamwambia la ami, si ya baharini, ni boti ya Telegram, programu tu ya kwenye intaneti inayojibu watu meseji yenyewe bila mtu kushika simu. Akafikiri. "Fundi nani, wa Matondoni?" Nikasema si wale wa kule wanaounda majahazi, fundi ni mimi. Akamaliza kahawa yake taratibu akasema haya, tutaona kama itaelea.

Kwa hiyo humu nikisema boti ni ile ya ami, yenye injini na turubai na magunia ya unga. Ya kwangu nitaiita roboti, tusije tukachanganyana.

Kwa asiyekaa Lamu pengine haoni shida iko wapi, boti si ina ratiba kama basi? Haina. Ami anapeleka abiria Mtangawanda na Faza, kule kisiwa cha Pate, na njia ya huko inapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, ambao maji yakikupwa unabaki matope na mikoko, ukikwama hapo unakaa unatazamana na ndege mpaka bahari irudi. Basi safari inafuata maji, na maji yanafuata mwezi, kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wiki hii mkitoka alfajiri, wiki ijayo mnatoka mchana unakaribia. Ratiba kama hiyo huwezi kuipaka rangi ukutani ukaondoka. Ilopakwa rangi ni namba ya simu ya ami, ubavuni mwa boti, herufi kubwa, na hiyo simu kuanzia alasiri mpaka baada ya isha ilikuwa inalia swali moja tu: kesho saa ngapi?

Ami mwenyewe hana haja ya jedwali. Anatazama mwezi, anajua leo ni bamvua, yale maji makubwa, au maji mafu, yale madogo, anatoka barazani akiwa na jibu kichwani. Tatizo ni kulitoa lile jibu kichwani mwake kulipeleka kwa watu, na kazi hiyo alinipa mimi, "wewe kijana wa simu". Kwa hiyo kwa miezi nikawa nashinda na dole gumba, nakopi meseji ya jana, nabadilisha saa, natuma, nakopi, natuma, kuna siku nilisahau kubadilisha saa na wewe fikiria mwenyewe maneno nilopigwa pale gatini, boti zinapofunga.

Swali la kwanza watu wananiuliza ni kwa nini Telegram na watu wote wako WhatsApp. Ni kweli wako huko, hata mama yuko huko. Lakini WhatsApp mlango wake rasmi wa programu ni wa biashara, na zile skripti, yaani programu fupi, za mtaani zinazojifanya wewe ndo umeshika simu zinakwenda kinyume cha masharti yao, namba inaweza kufungwa, na namba yenyewe ndo hiyo imepakwa kwenye ubavu wa boti, siwezi kuichezea kamari. Telegram tangu Juni 2015 wamefungua mlango kwa kila mtu. Unaingia kwa akaunti inaitwa BotFather, unaandika /newbot, anakuuliza jina, anakupa tokeni, yaani ufunguo mrefu wa namba na herufi, umemaliza, bila fomu bila senti. Kwa hiyo tulianza grupu la Telegram na wale mawakala na wenye maduka ya gatini na vijana wa kila mtaa, na wao wanaichukua meseji wanaipeleka WhatsApp kwa watu wao kwa mkono. Si nadhifu. Inafanya kazi.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Moja, ndefu, mistari kama 200 ya Python, lugha ya kuandikia programu, ndani yake kila kitu, kusoma jedwali la maji, kupiga hesabu, kuandika meseji, kutuma, kujibu maswali, kila nikigusa hapa panavunjika kule. Na kubaya zaidi ilikuwa haifai kwa kitu kingine chochote. Dadangu anauza mahamri na mbaazi kwa oda, akaniambia na mimi nitumie watu wangu meseji jioni wanambie kesho wanataka ngapi, nikatazama ile skripti nikaona siwezi kutoa kile kipande cha kutuma bila kuvuta na bahari yote ya Lamu pamoja nayo.

Hapo ndo nikaivunja. Nikaanza na kipande kidogo kuliko vyote, nikakiita tuma, kazi yake ni kuchukua maneno yoyote utakayompa na kuyapeleka kwenye grupu utakalomtajia, basi. Moyo wake ni mstari huu mmoja:

`curl -s "https://api.telegram.org/bot$TOKENI/sendMessage" -d chat_id="$GRUPU" --data-urlencode text="$(cat)"`

Usiogope hizo alama. Inasema tu, nenda kwenye anwani ya Telegram, hii hapa tokeni yangu, hili hapa grupu, na maneno ni yale utakayonimwagia. Hajui maji, hajui mahamri, hajui mimi ni nani. Ujinga wake huo ndo faida yake. Kisha kipande cha pili, maji, kinasoma faili ya jedwali nilochapa mwenyewe kutoka kwenye kijitabu cha saa za maji na kutoa saa ya kesho. Halafu unaviunganisha kwa kile kimstari kilichosimama, maji | tuma, kinachotoka huku kinaingia kule. Hicho kimstari kina historia, jamaa mmoja wa Marekani anaitwa Doug McIlroy aliandika mwaka 1964 kwamba programu ziungwe moja kwa nyingine kama mpira wa kumwagilia bustani, ukitaka urefu unaongeza kipande, na mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson akaitia kwenye Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mi nimekuja kuielewa zaidi ya miaka hamsini baadaye kwa sababu ya mahamri.

Dada alipata ya kwake siku ile ile. Tuma ile ile, tokeni nyingine, grupu lingine, na badala ya maji kuna faili ya mistari mitatu. Dakika kumi.

Sasa makosa, manake bila makosa hii si hadithi.

La kwanza ni la kujibu. Kutuma ni rahisi, kusikiliza ndo shughuli. Roboti inauliza Telegram, kuna jipya? Inapewa meseji, kila moja ina namba yake, na wewe ukiuliza tena unatakiwa useme nimefika namba fulani, nipe kuanzia inayofuata. Usiposema, unapewa ile ile. Mi sikusema. Mtu mmoja akaandika /kesho, roboti ikajibu, ikauliza kuna jipya, ikapewa /kesho ile ile, ikajibu, ikauliza, ikajibu, na mimi nimeingia msikitini simu nimezima. Kwenye grupu moja roboti haifai kuzidi meseji 20 kwa dakika, ukizidi Telegram inakukatalia inakwambia subiri sekunde kadhaa, na hilo ndo lilotuokoa, la sivyo sijui. Natoka nakuta mwenye duka la samaki ameandika kwa herufi kubwa TUSHASIKIA.

La pili dogo. Grupu likikua Telegram inaweza kuligeuza likawa grupu kuu, na likigeuka namba yake ya ndani inabadilika, siku hiyo tuma ikawa inatuma hewani nikazunguka asubuhi nzima kutafuta kosa kwenye skripti ambayo haina kosa. Na lingine la aibu, niliwahi kuweka skripti kwenye grupu la watu nisiowajua kuomba msaada, tokeni iko ndani wazi kama ufunguo wa nyumba mlangoni. Ikabidi nimrudie BotFather, /revoke, nipewe mpya. Tangu hapo tokeni inakaa faili yake peke yake na hakuna anayeiona, hata dada.

Halafu kuna la saa, na hili nataka nikae nalo.

Mwanzo nilikuwa naendesha zote kwenye simu ya zamani yenye kioo kilochovunjika, ndani ya Termux, app ya kuendeshea skripti kwenye simu, lakini simu hizi za Android zinaua programu usiku kuokoa betri, kuna siku ikaamka kuna siku ikalala. Nikakodi seva ndogo, kompyuta ya mbali isiyolala. Kwenye seva kuna kitu kinaitwa cron, unakiandikia dakika na saa, kikifika kinaendesha skripti yako. Nikaandika 30 17, yaani kumi na moja na nusu jioni, watu wametoka alasiri bado hawajaenda magharibi. Meseji ikatoka saa mbili na nusu usiku. Kumbe seva iko saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, nyuma yetu saa tatu. Ukiiweka kwenye karatasi utaona kichekesho, jambo lile lile seva inaliita 14:30, simu yangu inaliita 17:30, na mama anaiita kumi na moja na nusu. Saa tatu katikati ya kila mmoja na mwenzake, mama upande huu, simu upande ule, seva katikati kama mshenga. Afadhali Kenya hatusogezi saa kwa kiangazi na baridi kama Ulaya, ukishatoa tatu umetoa.

Hiyo nikairekebisha nikajiona fundi. Sikujua kubwa lake linakuja.

Ilikuwa wiki ya maji mafu. Wiki moja kabla yake, kwenye bamvua, boti ilikuwa ikitoka alfajiri, saa kumi na moja. Dakika 50 mara siku saba ni karibu saa sita, kwa hiyo sasa safari imesogea mpaka saa tano asubuhi, na skripti yangu ikaandika vile kompyuta inavyoandika: Boti ya Faza kesho 11:00. Fupi, safi. Mimi nikaisoma nikaona saa tano, manake mimi ndo nimeiandika. Wale wageni wa nyumba za kulala nao wakaona saa tano, walikuja saa tano kasoro na mabegi yao.

Bibi mmoja wa Langoni hasomi, alisomewa na mjukuu. Mjukuu ana miaka tisa, akaona 11 akasema vile alivyofundishwa nyumbani, saa kumi na moja. Na kumi na moja ya safari ni ya alfajiri, hilo halihitaji kuulizwa. Bibi akaamka, akasali, akafunga buibui, akabebewa kikapu kina kuku wawili wa harusi ya Faza, akaja gatini gizani, akakaa kwenye ngazi.

Mimi nilifika saa moja kasoro na kumkuta. Maji yako mbali, majahazi yamelala ubavu, punda wanapita nyuma yake, na yeye amekaa wima kama aliye kwenye foleni, mkono mmoja juu ya kifuniko cha kikapu. Nikamwamkia, shikamoo bibi, unangoja nani? Akaniambia nangoja boti ya saa kumi na moja, imechelewa. Nikahisi tumbo linashuka. Nikamwambia bibi boti ni saa tano. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema, "Mwanangu, mi niliona mayi yamekupwa. Nikasema labda mashini yajua nisilolijua."

Huyo ni mtu aliyezaliwa na haya maji. Alifika akaona kwa macho yake kwamba hakuna boti itakayopita Mkanda saa ile, jibu sahihi analo kichwani kama ami alivyo nalo, na akaliweka kando kwa sababu ya mstari mmoja nilouandika mimi nikiwa nimelala kifudifudi kitandani. Nilimnunulia chai na mkate wa mayai. Wale kuku nao walipewa maji kwenye kifuniko cha chupa, ami akamkatalia nauli, na mimi nikakatwa hiyo nauli kwenye hesabu yangu, sawa kabisa.

Usiku ule nikaandika kipande cha tatu, saa, na kati ya vyote hiki ndo ninachokipenda zaidi. Hesabu yenyewe ni ya mtoto: chukua saa ya kompyuta, ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili uchukue baki, baki likiwa sifuri sema kumi na mbili. 11 na sita ni 17, toa 12, tano. 18 na sita ni 24, baki sifuri, kumi na mbili. Imekwisha. Kazi iko kwenye neno linalofuata, manake saa tano peke yake haijatosha, tano ya asubuhi au ya usiku? Nikamwita mama jikoni tukae tuandike mipaka. Nikadhani dakika tano. Tulibishana mpaka ukoko wa wali ukaungua.

Mi nilitaka asubuhi ianze 6:00. Mama akasema kumi na mbili kabla jua halijatoka bado alfajiri, kumi na mbili jua likishatoka asubuhi, na jua halitoki dakika ile ile kila siku. Saa tisa ni mchana au alasiri? Mama akasema mchana mpaka adhana. Saa kumi na mbili na robo ni jioni au magharibi? Akanitazama kama nimemuuliza yeye ni mama wa nani. Mwishowe tukakubaliana kwa mipaka isiyompendeza yeye wala mimi, lakini kila saa sasa ina neno lake kwa maandishi, saa tano asubuhi, saa kumi na moja alfajiri, bila tarakimu hata moja, mjukuu yeyote asome.

Bado kuna siku. Roboti iliwahi kuandika "Alhamisi usiku" na mzee mmoja akauliza Alhamisi gani, manake kwake yeye usiku ule jua likishazama ni usiku wa Ijumaa. Yuko sawa, siku yetu inaanza magharibi, ya kompyuta inaanza usiku wa manane wakati hakuna anayeiona. Sasa kwa safari za usiku inaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" na hakuna anayebisha. Na cron inahesabu siku kuanzia Jumapili, Jumapili ni 0. Sisi Jumapili ni ya pili, jina lenyewe linasema. Hapo nimekosea mara nne na nitakosea tena.

Watu wanauliza kwa nini roboti haijibu wakiandika tu "kesho saa ngapi" kama wanavyomwandikia mtu, kwa nini lazima /kesho na kile kimstari cha kuinama ambacho hakipatikani upesi kwenye simu. Ukweli ni kwamba roboti ikiwa ndani ya grupu haisomi maneno ya watu, inaona tu yanayoanza na kimstari au yanayoijibu yenyewe, labda uifungulie kwa BotFather. Kuifungulia ni rahisi, nimekataa. Lile grupu lina posa, lina madeni, lina nani alionekana Shela na nani, sioni sababu ya hayo yote kupita kwenye seva yangu ili tu mtu asibonyeze kitufe kimoja.

Simu ya ami bado inalia, usidhani. Inalia kidogo. Wengine wanasoma meseji halafu wanapiga kumuuliza kama ni kweli, na yeye anatoka barazani anatazama juu kwanza ndo anajibu. Sijamwambia aache. Kabla meseji haijatoka sasa inakuja kwangu, naisoma kwa sauti, yeye akisema naam ndo natuma, na mara mbili amesema siyo, na mara zote mbili mimi ndo nilikuwa nimechapa vibaya kutoka kwenye kijitabu.

Zile skripti tatu nimeshampa jamaa yangu wa Malindi, ananunua samaki kwa wavuvi na anataka wenye hoteli wapate bei kila asubuhi bila yeye kushika simu na mikono ina magamba. Akatupa maji akaweka faili yake ya bei, tuma na saa akaziacha kama zilivyo. Juzi ananiandikia zimekubali zote, shukrani, inshallah nitakutumia nguru. Halafu baada ya kama dakika kumi meseji nyingine, kaka, hapa kwenye saa mstari wa tisa umeandika USIANDIKE 11:00 KUMBUKA KUKU, hii niifute au programu inaihitaji?

Nikamwambia aiache.